Riale Haziendi Marekani

Aliyeanza kunisoma leo nampa kwa kifupi, maana hasira nilizonazo haziniruhusu kurefusha. Mume wangu Twaha alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo, wakubwa waliposema sasa ni zama za biashara huria na kila mtu ajitegemee. Nikajitosa kushona. Mkono ulipoanza kuzoea, cherehani ikaibwa mchana kweupe, sisi tumekwenda mazikoni kwa jirani.

Nikabaki na kitu kimoja tu duniani ambacho naweza kusema ni changu mimi Naima. Riale tano za fedha, za zama za Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, mahari yangu, nilizoletewa kwenye sinia siku ya harusi yangu.

Mara ya mwisho mliniacha dukani kwa Ami Nasser, Magomeni, nimekwenda kuziuza ninunue cherehani nyingine. Yeye ni Mwarabu wa hapa hapa, anauza udi, mikufu na vikorokoro vya kale. Akaweka lenzi jichoni, akazigeuza riale moja moja, halafu akasema maneno yaliyonitia wazimu mpaka leo.

"Usiziuze, Bi Naima. Zipimwe kwanza."

"Mizani si hiyo hapo mbele yako, Ami? Pima."

Akacheka mpaka lenzi ikamdondoka.

"Si uzito. Wanapima hali yake. Kuna watu Marekani kazi yao ni hiyo tu. Unawapelekea sarafu, wanaitazama wataalamu, kila mmoja peke yake. Ni ya kweli au ya kughushi? Imekwaruzwa? Imelika wapi? Halafu wanaipa namba, kuanzia moja mpaka sabini."

"Kama mtihani wa darasa la saba."

"Ndiyo, ila huu hauvuji. Wakishaipa namba wanaifungia kwenye kasha la plastiki ngumu, namba yake juu. Haifunguki tena mpaka uvunje kasha. Tajiri wa Muscat akiiona ile namba, hana maswali. Anatoa pesa."

"Na bila namba?"

"Bila namba nazinunua mimi, leo hii, kwa bei ya cherehani moja nzuri. Na namba ikitoka nzuri, fungua duka la vyerehani, uje kuniajiri."

Nikavuta kigoda nikakaa. Miguu ilikuwa imeshaanza kunicheza kwa furaha, na mimi furaha nimejifunza kuiogopa.

"Na ikitoka mbaya?"

"Ada yao hurudishiwi. Na aibu umeshaifungia kwenye plastiki, kila mtu ataisoma." Akaiinua riale moja kwenye taa. "Halafu kuna hili. Nani kazisugua hizi?"

"Mie? Sijazigusa hata kwa kitambaa. Zimo kwenye kijaluba tangu harusi."

"Zimesuguliwa, tena si mara moja. Tatu hizi maandishi yamelainika kabisa. Wale watu wanachukia sarafu iliyosuguliwa kuliko wanavyomchukia mwizi. Mbili hizi ndizo zina matumaini."

Basi hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Nipeleke zote? Nipeleke mbili, niuze tatu? Niuze zote nipate cherehani yangu niache kuota ndoto za mchana? Nilimwomba Ami Nasser aniamulie, akakataa katakata. Akasema mpwa wake Azzam anasafiri Jumamosi kwenda Dubai na kutoka huko anavuka Marekani kwa shughuli zake, kwa hiyo akili niitafute mapema.

"Ila ni zako, eeh?" akauliza nilipokuwa nazifunga kwenye pindo la kanga. "Mali ya watu mie siipelekagi popote."

"Mahari yangu hii, Ami."

"Hapo sina neno. Mahari ni ya mwanamke mwenyewe, hata mumewe hana amri nayo."

Nilitembea kutoka Magomeni mpaka Mwananyamala sioni jua wala vumbi. Hata mumewe hana amri nayo! Tangu nizaliwe sijapata kuambiwa neno tamu kama lile.

Twaha nilimkuta uani anapiga pasi mitumba yake ya kuuza, shati juu ya shati. Nikamweleza yote, namba, plastiki, tajiri wa Muscat. Nilitegemea aruke.

"Zirudishe kwenye kijaluba," akasema.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Zirudishe."

"Kwa nini?"

"Zikipotea njiani je?"

"Zikipotea zimepotea zangu, Baba Suhaib. Hasara ni yangu."

Akaifungua pasi, akaupuliza mkaa. Akaupuliza tena, na mkaa wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Muulize mama," akasema mwisho.

"Mama anaingiaje kwenye mahari yangu?"

"Wewe muulize tu, Mama Suhaib. Usinichoshe."

Mama yake, Bi Mauwa, ni mjane, tunaishi naye nyumba moja tangu nilipoolewa. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa mkekani, nikaanza upya hadithi ile ile ya namba na plastiki. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Riale haziendi Marekani," akasema.

"Basi niziuze hapa hapa kwa Ami Nasser."

"Wala haziuzwi."

"Sasa zifanye nini, mama?"

"Zikae."

Jamani, mimi si mtu wa kugombana na mkwe. Miaka yote hiyo hatujawahi kuinuliana sauti. Lakini siku ile niliinuka pale barazani nikaenda kumalizia hasira zangu kwenye sufuria, nikazisugua mpaka Suhaib wangu akaja kuuliza kama kuna wageni. Mali yangu, na kila mtu ana la kusema isipokuwa mimi.

Kumbe Twaha naye hakukaa kimya. Alimpelekea habari kaka yake Marijani, na Marijani akampelekea mkewe. Kesho yake asubuhi Chausiku akatutokea kutoka Gongo la Mboto, ameingia bila hodi, baibui limejaa vumbi. Chausiku ndiye mke mkubwa katika sisi wake wa ndugu hawa, aliolewa kabla yangu, nami namheshimu kama dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Riale zangu zinakwenda Marekani kufanya nini?"

Nikadhani anatania. "Zako zipi, dada? Mie nazungumzia mahari yangu."

"Na mie nazungumzia mahari yangu! Riale tano za Barghash. Mama mwenyewe alizisugua kwa majivu na ndimu siku moja kabla ya harusi yangu, zikang'aa kama kioo, mie namwangalia. Zikaletwa kwenye sinia. Fungate ilipokwisha akanifuata, mwanangu, huko kwenu wezi wengi, nipe nikutunzie. Nikampa. Kila nikimuulizaga naambiwa zipo salama. Sasa nasikia wewe unazitembeza madukani!"

Majivu na ndimu. Zimesuguliwa, tena si mara moja.

Nikakumbuka jambo jingine. Tulipomwoza Suleimani, mdogo wao wa mwisho, akamwoa Raudha wa Wazo, Bi Mauwa alinijia kwa upole. Mwanangu, niazime riale zako zipambe sinia ya mahari, sinia tupu haipendezi. Nikamwazima kwa mikono yangu hii miwili. Fungate ya Raudha ilipokwisha zikarudi, zimefungwa kwenye kitambaa kile kile, nami nikashukuru kuwa nina mkwe muaminifu.

"Dada," nikamwambia Chausiku, "siku yako ya nikahi ulisikia shehe ametaja mahari gani?"

"Nisikie wapi? Shehe na wanaume walikuwa barazani. Sie tumo ndani na vigelegele, hata sauti yako mwenyewe huisikii."

"Hata mie sikusikia. Na Raudha bila shaka hakusikia."

Tukatazamana. Chausiku, ambaye mdomo wake haujapata kuwa na kizuizi, akapasua.

"Sinia moja! Wametuoa wote kwa sinia moja!"

"Riale ni zangu," nikasema, kwa ukaidi tu. "Mie ndiye niliyekaa nazo."

"Mie ndiye niliyeolewa mwanzo!"

"Ulizitoa kwa mkono wako!"

"Nilizitoa zitunzwe, si uolewe nazo wewe!"

Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ukuta. Mimi na Chausiku, tuliofukiza udi pamoja kwenye kila shughuli ya ukoo huu, tulikuwa tumeshikana kanga. Na sijui ingefika wapi kama Bi Mauwa hakutoka chumbani kwake, taratibu, akiushikilia mlango.

"Si zako wewe," akamwambia Chausiku. Akanigeukia. "Wala si zako wewe. Riale ni zangu."

Tukaachiana.

"Hiyo ni mahari yangu mimi," akasema. "Baba yao alinipa mkononi, na mimi niliisikia ikitajwa kwa sababu dirisha letu lilikuwa halina pazia. Alipokufa aliniachia watoto wa kiume watatu na hakuniachia kitu kingine. Marijani alipotaka kuoa hakuwa na thumuni. Nikasema nimwazime, mkewe akizoea nyumba zitarudi. Twaha naye vivyo hivyo. Na mdogo wao. Nimewaozea wanangu wote kwa mahari yangu, na sikumpa mtu hata moja iwe yake."

"Kwa hiyo sie tumeolewa kwa nini?" Chausiku akauliza, na safari hii sauti ilikuwa imemwishia.

Bi Mauwa akakaa kwenye kizingiti.

Niseme kweli, niliumia kuliko siku cherehani ilipoibwa. Kila nilipogombana na Twaha, kila aliponitishia, nilikuwa najiambia moyoni, mimi si wa bure, mimi nilitolewa riale tano. Kumbe nilitolewa sinia ya kuazima. Ndoa yangu ipo, sikatai, lakini mahari yangu haikupata kuwapo hata siku moja.

Chausiku alijifunga baibui lake vizuri akaondoka. Alisema anakwenda kumuuliza Marijani mahari yake leo leo, kabla hajapika wala kuongeza neno jingine, na mimi namjua, hapiki kweli.

Mimi wangu nilimsubiri mlangoni arudi kutoka sokoni.

"Baba Suhaib, mahari yangu iko wapi?"

Hakuuliza ninasema nini. Akatua robota lake chini. "Tulikuwa hatuna kitu, Mama Suhaib. Nilidhani ungekuja kujua."

"Nijue kwa njia gani?"

"Basi nitakupa."

"Lini?"

"Mungu akijaalia."

"Mungu alishakujaalia mke, mtoto na nyumba ya kupanga. Nakuuliza lini!"

Akaingia ndani akajifunika shuka, na jua bado lilikuwa linawaka. Huyo ndiye mume wangu, ukimbana anasinzia.

Ijumaa nzima sikusema na mtu. Nilikuwa nimeshakata tamaa na namba, na Marekani, na vyerehani vyote. Baada ya alasiri Bi Mauwa akaniita chumbani kwake. Kijaluba, nilichomrudishia baada ya ugomvi, kilikuwa mapajani mwake.

"Hebu nieleze tena lile kasha," akasema.

"Lipi, mama?"

"La plastiki. Riale ikishaingia mle haitoki?"

"Haitoki mpaka livunjwe. Na likivunjwa ile namba haina kazi tena."

"Kwa hiyo hata mtu akija kuazima, nitamwambia haiwezekani, imefungwa."

"Ndiyo, mama."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Akasema tangu ameolewa riale zile hazijapumzika, na yeye mwenyewe hajapata kuzikalia mwaka mmoja kwa amani. Kisha akanishika mkono.

"Nilikukosea, Naima. Nimewakosea nyote watatu. Zipelekeni zikapimwe zote tano, hata zile nilizoziharibu kwa ndimu. Zikijulikana thamani yake ziuzwe, kila mmoja wenu nimpe haki yake kabla sijaingia kaburini. Wanangu hawawezi kuilipa, nawajua. Nitailipa mie."

Nililia. Sikuona haya, nililia kama mtoto, maana ni mara ya kwanza katika nyumba ile mtu kuniambia nimekukosea. Na nikajiambia, hata namba ikitoka moja kati ya sabini, nitaipokea kwa mikono miwili, ilimradi safari hii nitakachopewa kiwe changu kweli.

Nikatuma salamu kwa Ami Nasser. Riale zinakwenda, mwenye mali ameridhia, na mwenye mali si mimi ila yupo na atamkabidhi Azzam mkono kwa mkono.

Jumamosi asubuhi gari ya Azzam ikasimama mbele ya nyumba. Kijana wa heshima, akavua viatu, akamwamkia Bi Mauwa, akakaa mkekani na mfuko wake wa safari begani. Akafunua kitambaa cha pamba laini alichopewa na ami yake. Bi Mauwa akaanza kumpa riale moja moja, na kila moja akaibusu kwanza. Mimi nimesimama pembeni nimeshika kanga kifuani, nazihesabu.

Riale ya nne ilikuwa imeshalala kwenye pamba Bi Mauwa alipouliza, bila ya wasiwasi wowote, "Na utazirudisha wiki ijayo, baba?"

Azzam akatabasamu. "Wiki ijayo, bibi? Kule kuna foleni. Miezi minne, mitano inshallah."

Mkono wa Bi Mauwa ukasimama hewani na riale ya tano.

"Mitano? Mie nilidhani ni kama mtu kwenda Unguja." Akahesabu kwa vidole. "Hii ni Rajabu. Hazitawahi Mfungo Mosi, Ramadhani ikishakwisha?"

"Haiwezekani, bibi."

"Basi hapana." Akazikwapua zile nne kutoka kwenye pamba. "Hapana, baba, nisamehe. Nimeshamwahidi Twaha. Nilimwambia hii iwe mara ya mwisho, baada ya hapo ndipo ziuzwe, lakini nimeshamwahidi."

Nikacheka. Nilidhani umri unamchanganya. "Umemwahidi nini, mama? Mwanao wa mwisho si tumeshamwoza? Suhaib wangu bado anavaa kaptula ya shule. Mfungo Mosi nani anaoa?"

Bi Mauwa akajiziba mdomo kwa pindo la kanga.

Hakuna mtu aliyewahi kuziomba riale zile kwa kazi nyingine isipokuwa ya kuoa. Nililijua hilo tangu Alhamisi, nililijua kuliko ninavyojua jina langu, na bado nilisimama pale nangoja mtu aniambie kuna kazi nyingine.

"Mama," nikasema, "Twaha amekuomba riale za nini?"

Nyuma yangu mlango ukalia. Twaha alikuwa amesimama hapo, mswaki mdomoni, povu linamtiririka kidevuni. Hakuutoa mswaki. Alimtazama mama yake, akatazama ile ngumi iliyofumbata riale tano, na kunitazama mimi akashindwa.

"Mwanangu," Bi Mauwa akasema, na sikujua ananiita mimi au anamwita yeye.

Azzam akaangalia saa yake. Akasema kwa adabu, macho yake yameinama, kuwa ndege haimngoji mtu, na kwamba yeye atamsikiliza mwenye mali peke yake.

"Nizichukue, bibi, au nisizichukue?"

Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu, nikakinga viganja vyangu chini ya ile ngumi, nikimwomba aziachie zisafiri.